Al-Razi, Tabibu wa Rayy, na Dawa ya Viungo Iliyotoka Bara Hindi

Katika vitabu vyetu wamo Razi wawili, na ni vyema nianze kwa kuwatenga, msomaji asije akadhani namzungumza huyu kumbe namkusudia yule. Waliosoma vyuoni na misikitini kwetu pwani humjua zaidi Imamu Fakhruddin al-Razi, mwenye tafsiri kubwa ya Kurani, aliyefariki mwaka 606 wa Hijra, yaani 1210. Huyo namwachia masheikh. Ninayemtaka leo alimtangulia mwenzake kwa karibu miaka mia tatu, naye ni Abu Bakr Muhammad bin Zakariya al-Razi, tabibu. Wote wawili jina wamelipata kwa mji mmoja, Rayy, uliokuwa mji mkubwa wa Uajemi na ambao magofu yake leo yamo ubavuni mwa Teheran.

Nilimkumbuka tabibu huyu kwa sababu ya ngazi. Mimi ni mtu wa pwani, lakini riziki imeniweka Umoja, mashariki ya Nairobi, kwa miaka mingi sasa. Mtaa huu ulijengwa katika miaka ya 1970 kwa msaada wa fedha za Marekani, nyumba ndogo ndogo za chini zenye nafasi ya mwenyewe kuongeza chumba akijaliwa. Wenyewe wameongeza, tena wameongeza kwenda juu. Palipokuwa na nyumba ya vyumba viwili leo pana ghorofa tano au sita, na lifti hakuna. Maji yakikatika, nayo hukatika, mtungi wa lita 20 hupanda ngazi hizo kwa mkono wa mtu. Magoti ya watu wa Umoja yanaijua habari hiyo kuliko mimi ninavyoweza kuiandika.

Basi kando ya barabara husimama mtu na meza yake, ameweka spika inayosema yenyewe tangu asubuhi mpaka magharibi: dawa ya Kihindi, ya magoti, ya kiuno, ya mgongo, ya ganzi ya miguu. Mezani pana chupa za mafuta, unga uliofungwa katika vikaratasi, na vidonge vyeusi visivyo na jina wala jina la aliyevitengeneza. Na jambo asiloacha kulitaja ni kwamba dawa yake imekwisha kujaribiwa. Kwetu tungesema ni dawa mujarabu.

Neno hilo ndilo lililonipeleka kwa al-Razi. Mujarabu, kujaribu, jaribio, yote ni maji ya kisima kimoja cha Kiarabu, na katika matabibu wote wa zamani sijui aliyelitendea haki neno hilo kuliko yeye. Wanafunzi wake walikusanya daftari la wagonjwa aliowatibu, wakaliita Kitabu al-Tajarib, yaani Kitabu cha Majaribio, nacho kina habari za wagonjwa wanaokaribia 900: huyu alikuja na maradhi gani, alipewa nini, ikawaje.

Lakini kabla ya kumsimulia yeye, yafaa tujue Wahindi wenyewe wanasemaje juu ya maumivu ya viungo, maana mwenye spika hakulizua jina la Kihindi kichwani mwake. Elimu ya tiba ya Bara Hindi, iitwayo Ayurveda, inasema mwili unaendeshwa na nguvu tatu: vata, pitta na kapha. Vata ndiyo upepo, na tabia yake ni baridi, ukavu, wepesi na mwendo. Mtu akizeeka, au akila vibaya, au akijitaabisha kupita kiasi, vata huzidi ikaingia viungoni, ikavikausha, vikawa vinalia na kuuma. Maradhi ya goti la mzee huyaita sandhigata vata, maana yake upepo uliokaa kiungoni. Na yapo mengine, amavata, ambayo viungo huvimba na kupata moto, nayo huyatia katika hesabu ya tumbo lisilosaga chakula sawasawa. Dawa zao ni mafuta ya moto ya kukandia, kutolewa jasho, dawa za kutiwa kwa njia ya chini, na mizizi na utomvu wa miti: tangawizi, manjano, guguli iliyo jamaa ya manemane, na utomvu wa mti ulio ndugu wa huu ubani wetu.

Sasa na tuitazame lugha yetu. Maumivu ya viungo sisi twayaita baridi yabisi. Ni maneno mawili ya Kiarabu, na maana yake ni baridi na kavu, basi. Yametoka katika ile tiba ya Wayunani iliyopitia kwa Waarabu, yenye kuugawa mwili katika damu, balghamu, safura na sauda. Mhindi anasema upepo wa viungoni ni baridi na kavu. Bibi zetu wa Lamu na Mombasa wanasema goti lina baridi na ukavu. Sisemi kwamba tuliiga kwao, kwa kuwa neno letu lina njia yake na njia hiyo inajulikana. Ila tiba hizo mbili zilipata kukutana uso kwa uso, nako ni Baghdad, kabla al-Razi hajazaliwa.

Alikuwako huko waziri wa Harun al-Rashid, Yahya bin Khalid wa ukoo wa Barmaki. Watu wa ukoo huu walitoka Balkh, na wazee wao kabla ya Uislamu walikuwa walinzi wa hekalu kubwa la Mabuddha, kwa hiyo mambo ya Bara Hindi hayakuwa mageni kwao. Yahya alimtuma mtu aende Bara Hindi kumletea mitishamba ya dawa na habari za dini za huko. Akaja Baghdad tabibu wa Kihindi jina lake Manka, akamtibu Khalifa mwenyewe. Manka huyu ndiye aliyekifasiri kitabu cha Sushruta, mmoja wa mababu wa tiba ya Kihindi, kwa amri ya Yahya, ili kitumike hospitalini. Na Mhindi mwingine, Ibn Dahn, aliwekwa kuisimamia hospitali ya Mabarmaki. Kisha mwaka 850 akatokea Ali bin Rabban al-Tabari, akatunga kitabu chake Firdausi ya Hekima, na mwishoni akaweka sehemu nzima ya tiba ya Wahindi, akiwataja Charaka, Sushruta na wengine kwa majina. Wako wanaosema Ali bin Rabban alikuwa mwalimu wa al-Razi. Miaka haikubali, kwani al-Razi alikuwa mtoto mdogo sana mzee yule alipofariki. Kitabu chake, hata hivyo, kilimfikia.

Al-Razi alizaliwa Rayy mwanzo wa Shaabani mwaka 251 wa Hijra, sawa na 865. Tarehe hii tunayo kwa fadhila ya mwanachuoni mkubwa al-Biruni, ambaye baadaye alikaa akaandika orodha ya vitabu vya al-Razi na kuvihesabu vikafika 184. Ujana wake hakuutumia katika tiba. Wasimulizi wanasema alipiga udi na kuimba, na wengine wanasema alikuwa mbadili fedha. Alishughulika pia na alkemia, ile elimu ya kutafuta kugeuza madini, na mivuke na mioto yake huenda ndiyo iliyoanza kumharibu macho. Tiba aliingia akiwa mtu mzima, amekwisha pita umri wa miaka 30. Nalipenda jambo hili. Kwetu mtu akifika umri huo huambiwa amekwisha kuwa alivyo.

Akaenda Baghdad, akasoma, akarudi Rayy akapewa hospitali ya mji aiendeshe, kisha akaendesha ya Baghdad. Hapa kuna kisa ambacho kila mtu hukisimulia: kwamba alipotakiwa achague mahali pa kujenga hospitali, alitundika vipande vya nyama katika mitaa mbalimbali, akachagua mtaa ambao nyama yake ilichelewa kuoza. Kisa kitamu, lakini wengi hukifunga na hospitali ya Adhud al-Daula, nayo ilifunguliwa miaka zaidi ya hamsini baada ya al-Razi kuzikwa. Huenda ilikuwa hospitali nyingine. Msomaji akikisimulia barazani, asiitaje ya Adhud al-Daula.

Alivyokaa katika majlisi yake tunajua vizuri zaidi. Alikuwa mzee mwenye kichwa kikubwa. Mbele yake walikaa wanafunzi wake, mbele ya hao wanafunzi wao, na mbele ya hao wengine tena. Mgonjwa akija, hueleza maradhi yake kwa wa kwanza anaokutana nao. Wakijua dawa, vyema. Wasipojua, husogezwa kwa safu ya pili, hata yakiwashinda wote ndipo hufika kwa mzee. Nikiona foleni za hospitali zetu, nafikiri safu zile. Tofauti ni kwamba kwa al-Razi kulikuwa na mtu mwishoni mwa foleni. Na masikini aliwahurumia kwa namna ya peke yake, akiwauguza na kuwapa hata posho ya kuishi.

Sasa nikieleze kisa chake mashuhuri cha viungo, ambacho Waajemi wamekihifadhi katika kitabu cha Nizami Aruzi wa Samarkand. Amiri Mansur bin Nuh wa ukoo wa Samani, mtawala wa Bukhara, alipatwa na maradhi ya viungo yakamlaza, asiweze kusimama wala kwenda. Matabibu wake wakashindwa. Akapeleka watu kumwita al-Razi kutoka Rayy. Njia ikafika kwenye mto Jeihun, ule uitwao leo Amu Darya, mpana na wenye mkondo mkali. Al-Razi alipoona mashua ndogo akakataa katakata kupanda, akitoa hoja ya Kurani inayokataza mtu kujitupa mwenyewe katika maangamizi. Wajumbe hawakuwa na la kufanya. Wakamfunga kamba mikono na miguu, wakamtupa mashuani, wakamvusha. Ng'ambo ya pili wakamfungua wakitetemeka, wakidhani atawalaani. Akawa mchangamfu kama hapana lililotokea. Walipomwuliza, akawaeleza kuwa lau angepanda kwa hiari yake akafa maji, watu wangemwita mpumbavu. Amevushwa kwa nguvu, basi lawama si yake.

Alimtibu Amiri kwa kila alilolijua, bila ya faida. Mwisho akamwambia kuwa imebaki tiba moja tu, nayo itagharimu farasi fulani na nyumbu fulani, wa mbio kuliko wote katika mazizi yake. Siku ya pili akampeleka hamamu nje ya mji, akamwacha mtumishi wake mlangoni na wanyama wale wametandikwa. Ndani wakabaki wawili tu. Akammiminia Amiri maji ya uvuguvugu, akamnywesha dawa, akasubiri hata viungo vikalegea. Kisha akatoka, akavaa nguo zake, akarudi na kisu mkononi, akaanza kumtukana: wewe ndiye uliyeamuru nifungwe kama mnyama na kutupwa mtoni, leo sikuachi. Amiri kwa hasira na kwa hofu akajiinua akasimama kwa miguu yake miwili. Al-Razi alipomwona amesimama alitoka mbio, akapanda farasi, na mtumishi nyumbu, wasipumzike hata Merv. Kutoka huko akaandika barua ya kueleza: joto la mwili wa Amiri lilikuwa limedhoofika, dawa za kawaida zingechukua muda mrefu, ndipo akamtibu kwa kuitia moto nafsi yake. Na kwamba si vizuri wakutane tena. Amiri, badala ya kumkata kichwa, akampangia dinari 2,000 kila mwaka.

Hesabu ya miaka inakikataa kisa hiki nacho. Mansur bin Nuh alitawala kuanzia 961, na al-Razi alikuwa kaburini tangu 925. Mansur aliyemjua al-Razi kwa hakika ni Mansur bin Ishaq, liwali wa Rayy, ambaye ndiye aliyetungiwa kitabu cha tiba kiitwacho al-Mansuri. Mimi nakipenda kisa, lakini ninavyoona kimemdhulumu. Kinamfanya al-Razi mtu wa vitendawili na miujiza, na hiyo ndiyo sifa ya mwenye spika: mgonjwa aliyelala asimame leo hii. Al-Razi wa kweli alikuwa mtu wa subira na kalamu.

Juu ya viungo aliandika kitabu mbali, kuhusu jongo na maumivu ya viungo, ambacho Wazungu walikifasiri kwa Kilatini na kukipiga chapa karne ya 15. Na katika al-Hawi, lile kusanyiko lake kubwa, kila maradhi aliyoyataja huyapanga hivi: Wayunani wamesema hivi, Washami wamesema hivi, Charaka wa Bara Hindi amesema hivi, Sushruta amesema hivi. Kisha mwisho huandika mimi, yaani aliyoyaona mwenyewe kwa wagonjwa wake. Mhindi hakuwekwa nyuma kwa kuwa ni Mhindi na si wa kitabu, wala hakutangulizwa kwa kuwa tiba yake ni kongwe. Galen wenyewe walimfanya kama mtume wa tiba. Al-Razi alimtungia kitabu kizima cha shaka, akionyesha mahali ambapo yale Galen aliyoyaandika hayakulingana na yale yeye aliyoyaona kitandani mwa mgonjwa.

Ndani ya tiba ya Kiarabu ya viungo imo dawa moja ambayo hata leo mahakimu wa Kiyunani wa Bara Hindi na Pakistani huisonga vidonge. Ina suranjani, ambayo ni tunguu la ua la Asia Magharibi. Ina halila, lile tunda kavu la Bara Hindi. Na ina subili, ambayo iliyosifiwa kuliko zote ilitoka kisiwa cha Sokotra, jirani ya njia ya majahazi yetu. Nchi tatu ndani ya kidonge kimoja. Halila hiyo ni mojawapo ya yale matunda matatu ambayo Wahindi huyaita triphala, na Waarabu wakalitamka neno hilo itrifal, likawamo katika vitabu vyao mpaka leo. Ama suranjani, wanasayansi wawili wa Ufaransa mwaka 1820 waliitoa asili yake yenye nguvu, nayo ndiyo dawa ya kolchisini wanayopewa wagonjwa wa jongo hospitalini. Lakini ni sumu ikizidi kidogo, na tofauti ya dawa na sumu ndani yake ni nyembamba. Asiwepo mtu wa kulitafuta tunguu hilo akalisaga nyumbani.

Hapa ndipo kwenye kiini cha neno mujarabu. Al-Razi alisimulia katika al-Hawi kwamba alipotaka kujua kama kuumika na kutoa damu kunafaa katika maradhi fulani ya kichwa, aliwatoa damu baadhi ya wagonjwa na wengine akawaacha makusudi, apate kulinganisha. Miaka zaidi ya elfu moja iliyopita! Na alipotaka kujua zebaki inafanya nini ndani ya mwili, alimnywesha kima, akakaa akamtazama akishika tumbo na kuuma meno. Akatenga zebaki hai, ambayo madhara yake aliyaona kuwa madogo, na zebaki iliyopikwa ikageuzwa, ambayo alisema ni sumu kali ya kuua.

Nalitaja la zebaki kwa sababu yake. Katika tiba ya Kihindi ipo njia inayotumia madini yaliyochomwa na kusagwa, zebaki miongoni mwake, wakiamini kuwa yakitengenezwa sawasawa hayadhuru. Mwaka 2004 madaktari wa Marekani walichapisha uchunguzi wa dawa 70 za Ayurveda zilizouzwa madukani katika eneo la Boston. Kumi na nne kati yake zilikuwa na risasi, zebaki au aseniki. Hiyo ni moja katika kila tano. Na hizo ni zenye chupa na jina. Vile vidonge vyeusi vya kando ya barabara nani amevipima?

Ninaye jirani, mama mtu mzima anayeuza mboga soko la Mutindwa, ambaye plot nzima humwita Shosho. Yeye huniita Ustadhi. Magoti yalimsumbua, akanunua vidonge hivyo, na kwa wiki mbili alipanda ngazi kama msichana. Alikuja kunionyesha. Miezi ikapita, uso ukamvimba ukawa mviringo kama mwezi, ngozi ya mikono ikawa nyembamba, na sukari ikapanda. Daktari alimwambia kuwa dalili hizo ni za steroidi, dawa kali za hospitali ambazo wadanganyifu wa nchi nyingi huzisaga na kuzitia katika kile wanachokiita mitishamba. Maumivu huondoka kweli. Lakini dawa hiyo ikitumiwa muda mrefu bila kipimo huila mifupa yenyewe, na mtu akiiacha ghafla mwili waweza kumwangusha. Shosho alipunguziwa pole pole chini ya uangalizi wa daktari. Sasa huchua magoti kwa mafuta ya ufuta ya uvuguvugu, jambo ambalo Charaka hangeligombeza, na amehamia chumba cha chini, jambo ambalo limemfaa kuliko yote.

Na sidhulumu tiba ya Wahindi kwa ajili ya mdanganyifu wa Umoja. Ikipimwa kama al-Razi alivyopima, yapo ya kuonekana. Mwaka 2011 ulichapishwa uchunguzi uliofanyika kusini ya Bara Hindi, wagonjwa 43 wenye maradhi ya viungo kuvimba, wakagawanywa mafungu matatu: wa kwanza wakapewa Ayurveda kamili, wa pili methotreksati ya hospitali, wa tatu vyote viwili, wala mgonjwa hakujua amepewa ipi. Baada ya wiki 36 mafungu yalikaribiana. Watu ni wachache, na wenyewe walikiri kuwa huo ni mwanzo tu. Utomvu ule ulio ndugu wa ubani nao, ulipokusanyiwa tafiti zake mwaka 2014, ulionekana kuleta nafuu ndogo kwa goti lililochakaa. Nafuu ndogo. Hapana spika itakayolitangaza neno hilo.

Al-Razi angelitangaza. Kanuni yake ilikuwa kwamba pakitosha chakula dawa isitumiwe, na ikitosha dawa moja zisichanganywe mbili. Na kitabu chake ninachokipenda kuliko vyote ni kile alichokiita cha Asiyekuwa na Tabibu. Alikitunga kwa ajili ya masikini, wasafiri na watu wa mbali, akaeleza maradhi moja baada ya jingine pamoja na dawa ambazo mtu atazikuta jikoni mwake au sokoni karibu. Tabibu wa masultani, aliyeweza kuketi akaandika ya masultani tu. Alijua kwamba masikini asipopewa elimu ya kweli atauziwa ya uongo, na aliandika pia risala juu ya sababu zinazowafanya watu wawaache matabibu hodari wakawafuata wababaishaji.

Sitaficha kuwa yapo yaliyosemwa juu ya itikadi yake. Alijadiliana na mwenzake wa mji huo huo, Abu Hatim al-Razi, na katika majibu ya Abu Hatim yamenukuliwa maneno ya kupinga unabii ambayo hakuna Mwislamu atakayeyakubali. Vitabu vyake vyenyewe vya jambo hilo havikubaki, tunayo maneno ya mpinzani wake. Wanavyuoni waliomkemea kwa hayo waliendelea kusoma tiba yake na kuifundisha, na mimi nafuata nyayo zao.

Mwisho wa umri wake mwili ulimdai. Yeye mwenyewe aliandika kwamba katika mwaka mmoja aliandika karatasi zaidi ya 20,000 kwa mwandiko mdogo kama wa hirizi, na kwamba miaka 15 alikesha juu ya kitabu kikubwa usiku na mchana, hata macho yakadhoofika na misuli ya mkono ikaharibika, asiweze tena kusoma wala kuandika. Akawa hutafuta watu wa kumsomea na kumwandikia. Tabibu wa viungo, na mkono wake mwenyewe haukupata dawa. Sikuona mahali alipodai kuwa anayo.

Kisha mtoto wa jicho akamfunga macho kabisa. Akaletewa mtu wa kumpasua. Al-Razi akamwuliza jicho lina tabaka ngapi. Hakujua. Akamkataza asimguse. Wengine wanasema alijibu kuwa dunia amekwisha kuiona ya kutosha hata amechoka nayo. Alifariki Rayy tarehe 5 Shaabani mwaka 313, sawa na Oktoba 925, naye ana miaka 62 ya mwezi na siku tano.

Al-Hawi hakuwahi kukimaliza. Ilikuwa rundo la maandishi, na rundo hilo lilibaki kwa dada yake. Waziri Ibn al-Amid alikwenda akamtolea yule bibi mali nyingi mpaka akayapata, akawakusanya wanafunzi wa marehemu wakayapanga. Mwaka 1279 Myahudi wa Sisilia, Faraj bin Salim, alikifasiri kwa Kilatini kwa amri ya mfalme Charles wa Anjou, na mwaka 1486 kikapigwa chapa Brescia, Italia, kikiwa kitabu kikubwa na kizito. Kwa Kiarabu chenyewe kilingoja mpaka mwaka 1955, ilipoanza kutoka juzuu ya kwanza, kisha nyingine mpaka 23. Waliokipiga chapa si Teheran wala Baghdad. Ni Dairat al-Maarif ya Hyderabad, Bara Hindi, na jina la Charaka limo ndani yake pale pale al-Razi alipoliandika.